Kiazi cha Kupimia

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, betri ya gari ilikuwa mgeni wa heshima nyumbani kwa fundi Kristofa Shemhilu pale Kwemkole. Ikiletwa, kuku walifukuzwa barazani, ubao mkavu ukatandikwa, na mgeni akaketishwa juu yake. Jenoveva, mke wa fundi, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Danieli, alivifungua vifuniko vyake sita kimoja kimoja, akachungulia ndani kwa jicho moja, kisha akasema, "Huyu ana kiu," au, "Huyu mmemuua wenyewe." Ndipo alipokwenda kuleta maji.

Maji hayo hayakuwa ya mtoni. Maji ya betri ya dukani yalikuwa yameadimika pamoja na sabuni na sukari, basi ikabidi mvua ya milimani ifanye kazi hiyo. Jenoveva alitega bakuli mbili za kioo katikati ya uwanja, mbali na mchirizi wa bati, akayachuja maji kwa kitambaa cheupe na kuyatia kwenye chupa. Sufuria hakuitumia kamwe, maana madini huharibu maji ya betri. Mafundi wa Mombo walikuwa wakimtumia salamu nyingi kupitia kwa madereva ili wapate chupa moja tu, naye aliringa kidogo, na ilikuwa haki yake.

Kristofa alikuwa fundi wa umeme wa magari, na hapakuwa na mwingine toka Kwemkole hadi chini barabara kuu. Vifaa vyake vyote viliingia katika sanduku moja la mbao ya mvule: koleo tatu, bisibisi za mipini ya mbao, spana, msasa wa kusafishia dinamo, chuma cha kulehemu kilichopashwa moto juu ya jiko la mkaa, haidromita ya kioo ya kupimia ukali wa asidi, na taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe. Taa hiyo ilikuwa balbu ya breki iliyolehemewa nyaya mbili, mmoja ukiishia kwenye msumari. Ukigusisha msumari mahali penye umeme, balbu inawaka. Kristofa aliipenda taa ile kupita kiasi, na wakati mwingine aliifuta kwa shati lake la Jumapili, jambo lililoleta maneno nyumbani.

Nyuma ya nyumba, kwenye kijito, palikuwa na gurudumu la maji. Gurudumu lilizungusha mkanda, mkanda ukazungusha dinamo kuukuu ya Landrova, na dinamo ikachaji betri za watu. Mlio wake, kwe-kwe-kwe, ndio uliomwamsha Jenoveva asubuhi na ndio uliomlaza. Mpaka leo ukimkuta yule bibi amekaa kimya mahali penye maji yanayopita, ujue anautafuta mlio huo.

Sasa mkasa wenyewe ulianza Jumanne moja ya mwaka sabini na sita, na siku hiyo Kristofa hakuwapo. Alikuwa ameteremka Lushoto kutafuta kaboni za akiba, vile vijiti vinavyosugua ndani ya dinamo.

*

"Hodi hapa!"

"Karibu, Issa. Karibu baba."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkeo Mwanaidi hajambo? Tumbo linaendeleaje?"

"Linapiga mateke, mama. Yeye mwenyewe hajambo." Issa alicheka. Alikuwa kijana mrefu, mtu wa Mnazi kule tambarare, ambaye kijiji kilimwajiri kuendesha lori lake jipya. Baridi ya juu ilikuwa haijamkubali. Alivaa makoti mawili. "Nimeifuata betri. Kabichi zimeshapakiwa tangu alfajiri, mwenyekiti anazunguka lori tu, anatazama jua."

Betri ya lori ilikuwa imeketi barazani. Ilikuja siku nne nyuma ikiwa mfu kabisa, maana mtu alisahau taa zikiwaka usiku kucha, na haikuwa na uwezo hata wa kuifanya balbu iwe nyekundu. Gurudumu likaihudumia siku tatu. Jenoveva alichukua taa ya kupimia, akagusisha waya huku na msumari kule. Balbu ikawaka kwa nguvu hata mchana ule. Akazamisha haidromita kwenye kila tundu, na kila mara kielea kikapanda palepale panapotakiwa.

"Imeiva," alisema.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kiazi alichokuwa akimenya Issa alipobisha hodi. Alikitazama kiazi, akaitazama betri.

Kwa miaka mingi hakuna betri iliyotoka katika nyumba ile kabla ya kupita kwenye kiazi. Unakata kiazi nusu, unachomeka nyaya mbili za shaba kutoka kwenye vichwa viwili vya betri, unasubiri. Baada ya muda kiazi kinageuka kijani kuzunguka waya mmoja, na huo ndio waya wa chanya. Bruda wa misheni ndiye aliyewafundisha. Lakini mwaka uliotangulia palikuwa na semina ya mafundi huko mjini, na mkufunzi mwenye suruali ya kupigwa pasi alipomsikia Kristofa akieleza habari za kiazi, aliangua kicheko mbele ya watu arobaini. "Wewe ndugu, unatengeneza magari au unapika?" Toka siku hiyo mafundi wenzake wakamwita Fundi Mbatata, na yeye akarudi nyumbani akasema kuwa sheria ya kiazi imefutwa. Taa na haidromita zinatosha.

Jenoveva akaendelea kumenya. Issa akaibeba betri begani, makoti yake mawili yakimbana, akashuka nayo njiani akipiga mluzi.

*

Moshi uliotoka kwenye lori ulionekana hata kutoka barazani. Watu waliokuwapo kwenye ghala la kijiji, lori lilipokuwa, walisema kwamba Issa aliifunga betri vizuri, akaenda na spana upande wa pili, na alipogusisha waya wa mwisho ikaruka cheche kubwa, kisha nyaya zikaanza kunuka na kutoa moshi mweupe. Kabla hajauvuta waya, ile altaneta, mashine inayochaji betri ndani ya magari mapya badala ya dinamo, ilikuwa imeshaungua.

Kristofa alirudi mchana, akaenda moja kwa moja ghalani bila hata kunywa maji. Kijiji kizima kilikuwa pale, pamoja na magunia mia mbili ya kabichi. Alifunua boneti. Alinusa kwanza, kama ilivyo kawaida yake, kisha akagusagusa nyaya kwa msumari wa taa yake. Mzee Athumani, mwenyekiti wa kijiji, alisimama nyuma yake na kofia mkononi.

"Fundi, tuambie."

"Hii ni kazi ya kufunga kinyume," Kristofa alisema. "Chanya ikawekwa penye hasi. Altaneta haina subira na mambo hayo. Dinamo ya zamani ingevumilia, hii haivumilii."

"Mzee, sikufunga kinyume!" Issa alisema. "Waya mwekundu niliuweka penye alama ya kujumlisha. Nilitazama kwa macho yangu mawili."

"Betri ilitoka kwangu nzima, kijana. Mama Danieli aliipima. Sasa kama ilitoka nzima na hapa imeunguza, wewe unataka niseme nini?"

Kristofa hakuwa anasema uongo. Aliamini kila neno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Mzee Athumani alinyoosha mkono, na Issa akauweka ufunguo wa lori katika kiganja kile mbele ya wanawake, watoto, na wazee waliokuwa wamemwita mwanetu wiki moja tu iliyopita. Katibu wa kijiji akasema kwa sauti ya juu kwamba siku hizi wahujumu wamejaa, na kwamba mtu wa kutoka mbali huwezi kujua ametumwa na nani. Mambo yote yakapangiwa mkutano wa Jumamosi. Betri ikarudishwa nyumbani kwa fundi ikae kama ushahidi.

*

Alhamisi, Mwanaidi alikuja kurudisha ungo.

Alisimama mlangoni mwa jiko, tumbo mbele, kanga imefungwa kwa juu. Jenoveva alimkaribisha kigoda, lakini hakukaa.

"Shikamoo mama. Nimeleta ungo wako."

"Marahaba. Mbona mapema, mwanangu? Nilikwambia ukae nao mpaka ujifungue."

"Tunafunga vitu, mama. Issa amesema hata kama hawatampeleka polisi, hapa hatukai. Asubuhi nimekwenda dukani kwa foleni ya sukari, wakaniambia sukari ni ya wanakijiji." Alisema hivyo akitazama ungo, siyo uso wa Jenoveva. "Nimeupangusa. Ule upande uliofumuka niliushona kwa ukili."

Jenoveva aliupokea ungo. Kweli ulikuwa umeshonwa, tena vizuri kuliko ulivyokuwa mpya. Mwanaidi alipofika uwanjani aligeuka.

"Mama, yule mume wangu ana makosa yake. Anakoroma, anapoteza vitu. Lakini kutazama anatazama. Akisema aliona alama, aliiona."

Alikwenda zake taratibu, akiweka mkono kiunoni. Kutoka ghalani upepo ulileta harufu ya kabichi zilizoanza kuoza, na Jenoveva akaona haya, haya kubwa, kwa sababu ambayo bado hakuijua vizuri.

Alikaa kidogo. Kisha akainuka, akachagua kiazi kimoja kikubwa, akakikata nusu.

Mikono yake ilikuwa haijasahau. Alichukua vipande viwili vya waya wa shaba, akavikwangua kwa kisu hadi vikang'aa, akavifunga kwenye vichwa vya ile betri iliyokuwa barazani, akachomeka ncha zake kwenye nyama ya kiazi, umbali wa upana wa kidole. Kisha akakaa chini kusubiri, na katika kusubiri, mawazo yakamrudisha Rangwi.

Alikuwa msichana wa jikoni misheni, mwaka wa Uhuru. Karakana ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na Kristofa, kijana mwembamba mwenye mafuta meusi hadi viwikoni, alikuja mlangoni kila siku saa nne. "Bruda ameniagiza kiazi." Jenoveva alimuuliza kwa ukali, "Cha kupima au cha kula?" Naye alijibu, "Cha kupima." Kwa mwezi mzima alikuja, mpaka Masista wakahesabu viazi na kushangaa jinsi karakana yenye gari moja inavyoweza kupima betri thelathini. Siku moja Bruda mwenyewe alikuja jikoni, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba yeye hajaagiza kiazi tangu Pasaka. Jenoveva alicheka hadi akaunguza ugali. Kesho yake Kristofa alipokuja, aliulizwa kama kawaida, cha kupima au cha kula, naye akainamisha kichwa na kusema, "Cha kula. Kama utakula nami." Wakaoana mwaka uliofuata, na Bruda akawapa sanduku la mvule.

Jenoveva alikuwa akitabasamu peke yake alipotazama kiazi. Tabasamu likaondoka.

Kijani kilikuwa kimeanza kujitokeza, doa dogo kama ukungu wa mkate. Lakini kilikuwa upande wa kichwa chenye alama ya kutoa. Alivuta nyaya, akageuza kiazi, akakata kingine, akaanza upya. Kijani kikarudi palepale. Alama iliyopigwa na kiwanda ilisema hivi, na umeme uliokuwa ndani ya betri ulisema vile. Issa alifuata alama kama mtu yeyote mwenye akili angefuata.

*

Alimkuta Kristofa kijitoni akipaka grisi gurudumu.

"Baba Danieli, ile dinamo uliifungua lini?"

"Wiki iliyopita, siku moja kabla ya betri ya lori. Nilibadili kaboni. Kwa nini?"

"Na ulipoifunga, uliiamsha?"

Dinamo iliyofunguliwa huamshwa. Fundi anagusisha waya wa betri mara moja, cheche inaruka, na mashine inajua upande wake wa kutoa umeme. Ukiigusisha kinyume inaamka kinyume, nayo itachaji kinyume bila kulalamika. Betri yenye uhai kidogo ingegoma na kumshtua mwenyewe. Betri iliyokufa kabisa inapokea tu unachoipa, na alama zake zote zinageuka uongo.

"Niliiamsha," Kristofa alisema. "Wewe unataka nini?"

Jenoveva alimwonyesha kile kiazi kiganjani. Kristofa alikitazama, uso wake ukabadilika rangi, kisha akakipiga kile kiazi kwa kiganja kikaangukia majini.

"Nimeshasema, sitaki viazi katika kazi yangu! Taa iliwaka, haikuwaka?"

"Iliwaka. Taa inawaka ukiigusisha hivi, inawaka ukiigusisha vile. Haijui chanya wala hasi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Unajua watanifanyia nini? Yule kijana watamfukuza, basi, atarudi kwao Mnazi ataendesha gari la mtu mwingine. Mimi watachukua vifaa. Wataniita mhujumu. Danieli yuko shule ya bweni, watamtazamaje wenzake?" Sauti yake ilipungua. "Miaka kumi na tano, Jenoveva. Hakuna gari lililopanda mlima huu ambalo sikuligusa."

Alimwita kwa jina lake la usichana, jambo ambalo hakulifanya tangu Danieli azaliwe. Jenoveva alimwonea huruma. Lakini alikuwa bado anauona ule ungo ulioshonwa.

"Mwanaidi amerudisha ungo," alisema. "Ana mimba ya miezi minane, na wamemnyima sukari. Jumamosi kama wewe husemi, nitasema mimi. Mimi ndiye niliyesema imeiva."

Kristofa alifungua mkanda wa dinamo, gurudumu likabaki likizunguka bure. Toka Alhamisi ile hadi Jumamosi nyumba haikuwa na mlio. Walikula, wakasali, wakapishana njiani kwa adabu mno, na kimya kile Jenoveva hakukizoea hata kidogo.

*

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala. Lori lilikuwa pale na boneti wazi, na kabichi zilizooza zilikuwa zimerundikwa pembeni kwa ajili ya ng'ombe. Wanawake walikaa upande wao kwenye majani. Jenoveva alikaa nyuma, kikapu mapajani. Ndani ya kikapu mlikuwa na viazi vitatu, kisu, na vipande viwili vya waya. Alikuwa hajawahi kusimama kwenye mkutano.

Mzee Athumani aliwasalimu wananchi, akasema habari ya kabichi, akasema habari ya altaneta ambayo itaagizwa Dar es Salaam na haijulikani itafika lini. Issa alisimamishwa kando. Alivua koti moja kwa heshima, akabaki akitetemeka.

"Ndugu Kristofa, wewe ndiye mtaalamu wetu. Rudia maneno yako ili katibu ayaandike."

Kristofa alisimama. Alikuwa amekuja na sanduku la mvule, na watu walidhani ni kwa ajili ya kutengeneza. Betri iliwekwa mezani mbele yake. Alikohoa.

"Ndugu wananchi. Mimi nilisema betri ilitoka kwangu nzima." Katibu aliandika, akanyanyua kalamu, akasubiri. Kristofa alitoa taa ya kupimia, akaigusisha, balbu ikawaka, watu wakaguna kwa kuridhika. Akazigeuza nyaya, ikawaka tena vilevile. "Mmeona? Taa hii haikatai." Alisimama akiitazama ile balbu mkononi, na Jenoveva akaanza kukusanya kanga yake ili ainuke.

"Mama Danieli," Kristofa alisema bila kugeuka. "Umekuja na kiazi?"

Kicheko kidogo kilipita upande wa vijana. Mtu akanong'ona, Fundi Mbatata. Jenoveva alisimama na kikapu chake, akapita katikati ya wanawake, akaenda hadi mezani. Alikata kiazi. Kristofa alifunga nyaya mwenyewe, kwa uangalifu kama anayefunga jeraha, akachomeka ncha.

"Sasa tusubiri," alisema.

Kijiji kizima kikasubiri kiazi. Ilipita dakika tano, ikapita kumi. Mzee mmoja aliuliza kama kinahitaji chumvi, na hakuna aliyecheka. Mzee Athumani alisogea, akainama hadi pua yake ikakaribia meza. Issa pia alisogea bila kuruhusiwa. Mwishowe doa la kijani likajitokeza, likapanuka, na hata mtoto aliyebebwa mgongoni angeliona.

"Kijani ni chanya," Kristofa alisema. "Ndivyo nilivyofundishwa Rangwi. Sasa mwenyekiti, tazama alama ya kiwanda upande huo ni ipi."

Mzee Athumani alitazama. "Ya kutoa."

"Kijana huyu alifunga kwa kufuata alama. Alama ilikuwa uongo, na niliyeifanya uongo ni mimi. Niliiamsha dinamo yangu kinyume, ikachaji kinyume. Kiazi kingenionyesha, lakini nilikiacha kwa sababu nilichekwa na watu." Aligeuka kumkabili kijana. "Issa, mwanangu, nilikusingizia mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu haohao."

Issa alimtazama fundi, na Jenoveva aliogopa kwamba atatema mate chini, na kama angetema ingekuwa haki yake. Lakini Issa alichukua koti lake la pili akalivaa. "Nimesikia, mzee," alisema. Mkono hakutoa. Walikuja kupeana mikono baadaye sana, siku mtoto alipopewa jina.

Kamati ilikaa kando kwa nusu saa. Ufunguo ukarudi kwa Issa. Neno mhujumu halikuandikwa, maana Mzee Athumani alilikataa waziwazi. Ila altaneta lazima ilipwe, na fundi hakuwa na kitu cha kulipia isipokuwa mikono yake na lile sanduku. Basi vifaa vyote vikahifadhiwa katika ghala la kijiji, na Kristofa akapangiwa kulima shamba la pamoja la kabichi kila siku mpaka deni liishe. Katibu aliviandika kimoja kimoja: koleo tatu, haidromita moja, chuma cha kulehemu kimoja. Alipofika kwenye taa ya kupimia aliuliza hii inaitwaje. Kristofa alimtajia jina, akaifuta kwa mkono wa shati, akaikabidhi.

*

Jenoveva alitangulia nyumbani. Njiani Mwanaidi alimfikia akihema, akashika kanga yake.

"Mama, ule ungo."

"Umefanyaje?"

"Nimekuja kuuazima tena." Wote wawili wakacheka, kisha Mwanaidi akalia kidogo begani kwake, akamfuata hadi nyumbani, akaondoka na ungo.

Jua la saa kumi lilikuwa limelala kwenye uwanja, juu ya zile bakuli mbili za kioo. Jenoveva aliwasha moto, akamwaga viazi kando ya beseni, akaanza kumenya. Alisikia hatua za Kristofa zikipita barazani, zikasita mahali sanduku lilipokuwa likikaa, zikazunguka nyumba. Akaja hadi mlangoni mwa jiko, akasimama nje ya kizingiti. Siku zote aliingia tu bila kubisha. Leo alisimama, mikono mitupu ikining'inia, nywele za mvi zikionekana masikioni, na Jenoveva alimwona yule kijana wa karakana ya Rangwi, wazi kabisa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Naomba kiazi," Kristofa alisema.

Jenoveva hakuinua kichwa, kwa sababu ya machozi.

"Cha kupima au cha kula?"

Kristofa alifikiri. Nyuma yake, kule kijitoni, maji yalikuwa yakizungusha gurudumu lisilo na mkanda.

"Cha kula," alisema. "Vifaa vya kupimia wamevichukua."

Jenoveva akamsogezea kigoda kwa mguu. Kristofa akaingia, akakaa, akachukua kisu cha pili, na wakamenya pamoja mpaka beseni likajaa.